Kitu Alichokiacha Shimoni

Swali la kwanza siku zote ni dhahabu. Mgeni hajafuta hata jasho la kupanda zile ngazi za mawe, pango lenyewe hajalitazama, tayari anauliza: "Mzee, humu mlipata dhahabu kiasi gani?" Na Mzee Tabaka, aliyeanza kuulizwa swali hilo nywele zake zikiwa bado nyeusi, huvua kofia, huikung'uta gotini, kisha hujibu taratibu kama muuguzi anayempa mtu habari mbaya: "Hata ya kuziba jino hatukupata, ndugu yangu. Tulipata majivu."

Hapo wageni hununa kidogo. Lakini akishawasogeza kwenye ukuta wa udongo, akawaonyesha ile mistari iliyolaliana, mwekundu, wa kijivu, mweusi, akawaambia kwamba huu mweusi wenye unene wa vidole viwili lilikuwa jiko, kwamba mtu alikaa hapa miaka elfu nane iliyopita akaota moto, akatafuna nyama, akatupa mfupa kule, akachonga jiwe huku akipiga soga na mwenzake, basi hata wale watundu wa darasa la sita hufunga midomo. Kila mstari yeye huuita tabaka. Tabaka la moto, tabaka la mafuriko, tabaka la watu walioondoka wasirudi. Ndipo lilipotoka jina. Jina la kuzaliwa analo, liko kwenye kitambulisho, na kitambulisho kiko ndani ya kabati.

Ni mtu mrefu, mkavu, magoti yake yameota sugu kwa miaka thelathini na mitatu ya kupiga magoti kwenye udongo. Tena anapenda sifa, tuseme ukweli. Ukimwambia ameeleza vizuri atajifanya hakusikia ili urudie. Ila wageni wakishaondoka, kabla hajafunga geti, huwa anakwenda kusimama kwenye kona moja ya sakafu ya pango, mahali ambapo hakuna cha kuonyesha, udongo mtupu, na anakaa hapo dakika tano nzima akitazama chini. Mlinzi aliwahi kumuuliza kama amedondosha kitu. Akajibu kwamba si yeye aliyekidondosha.

Chini ya udongo ule, mita mbili kwenda chini, kuna kitu alichokiweka mke wake miaka ishirini na minane iliyopita. Mzee Tabaka hajui ni kitu gani. Mkewe ana miaka minne kaburini, na katika dunia hii yenye mambo mengi ya kutaka, mzee huyu alibaki anataka hilo moja tu, kujua.

Kazi ile aliiingia kwa bahati. Alikuwa seremala, akaitwa kujenga kibanda cha kuwakinga wachimbaji na mvua. Profesa, mkuu wa utafiti wa siku zile, akamwona anavyong'oa msumari polepole asipasue mbao, akamwita shimoni na kumpa mwiko mdogo, kama ule wa mwashi, uliochongoka ncha. "Kwangua hapa," akamwambia, "kama unavyomkwangua mtoto ukoko wa uji shavuni." Seremala akakwangua, na kichwa cha mkuki wa jiwe, chembamba kama jani, kikatokeza mbele ya macho yake. Kuanzia siku hiyo nyundo ikapata kutu.

Kila mwaka mvua zikikatika alifunga virago akaenda kambini, miezi sita. Nyumbani aliwaacha mke na binti mmoja. Mke alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele kilikuwa chake, cherehani dirishani, sare za shule zimening'inia ukuta mzima, na juu ya meza kopo la maziwa ya unga lililojaa vifungo vya kila rangi, hata mtoto akipotelewa na kifungo cha namna gani, dawa yake ilikuwa humo.

Safari ilijulikana kwa shati. Mzee Tabaka, ambaye wakati huo hakuwa mzee, alikuwa na shati moja la kazi, la kijani, la pamba nzito, mifuko miwili. Lilikaa chini kabisa ya sanduku. Siku akilitoa, cherehani ilisimama. "Shati limetoka," mkewe alikuwa akimwambia binti yao, basi, hasemi zaidi. Mtoto akakua akilichukia lile shati kama mtu anayemchukia mgeni asiyekaribishwa.

Mke hakuwa na tabia ya kulalamika. Mara moja tu, mbele ya mashemeji, alisema: "Huyu angekuwa na mwanamke mwingine, ningemfuata nikamshike mashavu. Sasa hilo shimo nitalishika wapi?" Watu wakavunjika mbavu, na mumewe ndiye aliyecheka kuliko wote.

Na mume akirudi, mambo yalikuwa hivi. "Mmepata nini mwaka huu?" "Mawe." "Mawe tu?" "Mawe tu, mke wangu. Nimechoka, acha nilale." Msimlaumu yeye peke yake, ndivyo kazi ilivyokuwa enzi zile. Vitu vilitolewa ardhini, vikaoshwa, vikaandikwa namba kwa wino mweusi na kalamu ya ncha ya sindano, vikafungwa masandukuni. Ripoti ziliandikwa kwa lugha ya kigeni, nene kama matofali, zikafungiwa kabatini. Watu wa jirani hawakuambiwa neno, ndiyo maana wakajijazia wenyewe kwa dhahabu. Lakini nasema hivi: mzee ambaye leo anaweza kuzungumzia jiwe moja saa nzima mbele ya watu asiowajua, kwa mkewe alikuwa na neno moja.

Kuna desturi moja ya wachimbaji ambayo watu wengi hawaijui. Shimo likimalizika haliachwi wazi, linafukiwa. Na kabla ya kulifukia, huweka chini kabisa kitu cha siku zao, halafu wakatandika plastiki juu yake, ili atakayechimba miaka hamsini au mia baadaye ajue kwamba hapa watu walishafika, asije akadhani udongo huu haujaguswa. Profesa alikuwa akiweka sarafu ya mwaka ule ndani ya kichupa. Wachimbaji nao waliweka vyao kwa mzaha, huyu kizibo cha soda, yule kitana kilichong'oka meno.

Msimu wa mwisho pale pangoni, Profesa alipata wazo ambalo hakuwa amelipata miaka yote. Akasema familia zije, wale chakula, waone kazi ya baba zao. Mke wa Mzee Tabaka akaja na binti yao wa miaka saba, yeye mwenyewe amevaa gauni lake jeupe lenye vifungo vya bluu mbele, na kwapani ana kifurushi cha gazeti. Akaomba ruhusa na yeye aweke chake. Profesa akacheka, akasema karibu, mama. Mke akashuka ngazi mwenyewe, mkono mmoja umeshika ngazi na mwingine umeshika kifua cha gauni, maana pale katikati palikuwa na pini badala ya kifungo. Akaenda kona ya kusini, akachuchumaa akiwapa mgongo, akakaa kidogo, akapanda.

"Umeweka nini?" mumewe akamuuliza.

"Kitu."

"Kitu gani?"

"Utakiona siku watakapofungua."

"Hapa tumemaliza, mke wangu. Hapafunguliwi tena."

"Basi utasubiri." Akacheka, na mumewe akacheka naye, kisha koleo zikaanza kurudisha udongo.

Wiki sita baadaye Profesa akaita tena. Amepata eneo jipya, mbali, kando ya ziwa lililokauka, na safari hii si miezi sita, ni tisa. Mume akafungua sanduku, akapekua mpaka chini. Shati hakuna. "Nilimpelekea dobi siku ile ulipokuja kumwona mtoto alipougua, ukaliacha hapa," mkewe akasema bila kuinua uso. Mume akamwendea dobi mbio mbio. Dobi akaapa kwamba shati hilo hajaliona hata ndotoni, wakatukanana barabarani mpaka watu wakaamulia, na tangu siku hiyo wakikutana njiani mmoja hushika kushoto na mwingine kulia. Kisha akaenda sokoni, akanunua shati jingine, la kahawia. Mkewe akalipiga pasi. Akalikunja vizuri, akampa, naye akaondoka.

Miaka ikaenda. Kile kitu kikawa mchezo wao. Yeye anabahatisha, mkewe anatikisa kichwa. Ni mkufu? Si mkufu. Ni picha? Si picha. Lile gauni jeupe nalo liliendelea kuvaliwa na pini yake ile ile, na mumewe hakuacha kutania: "Fundi mzima, kopo la vifungo mezani, unatembea na pini! Watu watasema nini?" Mkewe alikuwa akijibu, "Kifungo chake kimesafiri." Mume anacheka, anaendelea na chai yake.

Alipolazwa mara ya mwisho, mumewe alikaa kando ya kitanda siku kumi na moja bila kwenda popote, jambo ambalo halijawahi kutokea. Akamwambia, "Sasa niambie, mke wangu. Uliweka nini?" Mkewe akamgeukia. "Subiri," akasema. "Mbona mimi nilisubiri." Siku tatu baadaye akafariki.

Angeweza kuchimba, hilo mlijue. Ufunguo wa geti anao, mwiko anao, mlinzi ni rafiki yake. Asubuhi moja ya kazi, na roho ingetulia. Lakini mtu aliyewahi kuwafukuza kambini vijana wawili kwa kuokota jiwe bila kuliandika atashikaje koleo kwa wizi? Akabaki kusimama juu ya ile kona na kutazama chini. Wakati mwingine, siwafichi, alizungumza na ule udongo.

Ndipo alipokuja Daktari, si wa sindano, wa elimu ya mambo ya kale. Mara ya kwanza alifika pale akiwa mwanafunzi mwenye raba nyeupe, na Mzee Tabaka ndiye aliyemfundisha kushika mwiko. Sasa amerudi yeye ndiye mkuu wa utafiti, na amerudi na jambo geni. Anataka kulifungua tena shimo la Profesa, maana siku hizi majivu yanapimwa kwa vipimo ambavyo zamani havikuwepo. Lakini halitafunguliwa kimya kimya. Siku kumi, geti wazi, watu wa mtaani, wa sokoni, wa mashuleni wasimame nyuma ya kamba watazame, na kila kitakachotoka waelezwe hapo hapo kwa lugha yao.

"Tumewaficha watu mambo yao wenyewe, Mzee wangu," alisema. "Wanadhani tumebeba dhahabu, na mimi siwalaumu. Wewe ndiye utakayekuwa na kipaza sauti."

Mzee Tabaka hakusikia habari za kipaza sauti. Alikuwa ameganda kwenye neno moja, kufungua. Kisha Daktari akakunjua ramani juu ya meza, akaweka kidole. Watafungua nusu tu, kibali hakiruhusu zaidi. Nusu ya kaskazini, kwenye majiko.

Akarudi nyumbani. Kesho yake asubuhi akamfuata Daktari kwenye hema, akasimama mlangoni anaizungusha kofia mikononi kama mtoto aliyevunja sahani.

"Daktari, na kusini je?"

"Kusini kuna nini?"

Akamweleza. Alidhani ataeleza kwa sentensi mbili, akajikuta anaeleza mpaka chai ya Daktari ikapoa. Daktari alisikiliza yote. Macho yakamlainika, lakini akatikisa kichwa.

"Mzee wangu, unakumbuka nilipotaka kuchimba pembeni kwa sababu niliota nitapata fuvu? Uliniambia nini?"

Alikumbuka. Alimwambia hatuchimbi kwa kutafuta tunachokitaka, kwa sababu mtu wa namna hiyo hukiona hata kama hakipo.

"Basi usinivunjie niliyojifunza kwako," Daktari akasema kwa upole. Mzee akaitikia, akavaa kofia, akaenda kupiga vigingi upande wa kaskazini. Alivipiga sawasawa, kwa kipimo, hakuhamisha hata kimoja. Nawaambia hili kwa sababu ndilo jambo ninalomheshimia kuliko yote.

Siku mbili kabla ya kuanza akaja mkaguzi wa majengo, mtu wa kofia ngumu na kalamu nyuma ya sikio. Akatazama dari ya pango upande wa kaskazini, akagonga kwa fimbo, akasikiliza, akagonga tena. Kuna ufa, akasema. Wachimbaji wawili wenye kofia ngumu, sawa. Wageni mia kwa siku, watoto wa shule, hapana, hata mtu mmoja asisimame hapa. Daktari akabishana naye nusu saa. Kisha akabaki ameshika tama mbele ya ramani. Kuchimba kaskazini bila watu kuona, au kuchimba kusini na watu waone?

Jioni ile ile akamwita mzee. "Tunahamia kusini. Na usinitazame hivyo! Si kwa ajili yako. Ni kwa ajili ya kamba, watu wapate pa kusimama."

"Ndiyo, Daktari," akasema Mzee Tabaka, akatoka nje, akaenda nyuma ya tangi la maji kutoa machozi kidogo mahali ambapo hakuna mtu.

Watu wakaja, tena wengi. Walikuja wachuuzi na matenga yao, walimu na vijitabu, wazee waliokumbuka magari ya Profesa. Swali la dhahabu liliulizwa mara kumi na saba siku ya kwanza, Daktari alihesabu. Lakini siku ya tatu likapungua, wakaanza kuuliza mengine. Hawa watu walikuwa na mbwa? Walizika wafu wao? Mwanamke mmoja wa sokoni, mwenye kikapu cha mboga, alikuwa haondoki mpaka jioni, na kila jiwe likitoka anataka kujua nani alilishika mwisho. Mzee Tabaka alisema mpaka sauti ikakwaruza. Aliwafundisha jinsi ya kusoma kitu kidogo: kimelalaje, kimetazama wapi, kimelika upande gani, maana kitu kilichotupwa hulala ovyo na kitu kilichowekwa hulala kwa adabu.

Siku ya sita koleo likagusa plastiki. Koleo zikatolewa, ikaingia miko na brashi. Plastiki ikainuliwa polepole. Kizibo cha soda, kile pale. Kitana kisicho na meno, kile. Kichupa cha Profesa na sarafu yake. Kila kitu kikatangazwa, watu wakapiga makofi kwa sarafu kuliko walivyopiga kwa mikuki ya mawe, ndivyo binadamu tulivyo. Binti wa Mzee Tabaka, ambaye sasa ni muuguzi na ana watoto wawili, aliomba ruhusa kazini akaja kusimama nyuma ya kamba.

Kwenye kona ya kusini, Daktari alimpa msaidizi kipaza sauti amshikie mzee, akampa mzee mwiko. "Chimba wewe," akasema. "Lakini uwaeleze. Ndiyo kazi yetu."

Akapiga magoti. Akakwangua kidogo, akapiga brashi. Kifurushi hakipo. Gazeti hakuna. Kulikuwa na doa tu, udongo uliokoza rangi, upana wake kama mto wa kulalia. Pamba huoza, karatasi huoza, miaka ishirini na minane kwenye unyevu haibakizi kitu, na yeye analijua hilo kuliko mtu yeyote. Alikuwa amesubiri doa.

Brashi ikagonga kitu kigumu. Kifungo, cha kijani kilichofifia. Cha pili. Cha tatu, vyote kwenye mstari.

"Eleza, Mzee!" mtu akaita.

"Hapa palikuwa na nguo," akasema. "Nguo imeoza, vimebaki vifungo, kwa sababu ni plastiki. Vitatu vimetazama juu, vimepangana sawasawa. Ngoja." Akatoa udongo chini yake. "Na chini yake kuna vingine vitatu, hivi vimetazama chini. Maana yake nini? Ni shati. Lilifungwa vifungo vyote, likakunjwa mara moja katikati, kama linavyokunjwa dukani. Huyu mtu hakutupa. Huyu aliweka."

Akasimama hapo. Kijani. Mstari wa vifungo sita. Alilijua shati lile kabla ubongo haujamaliza kuhesabu, na masikioni akasikia cherehani inasimama. Shati limetoka. Mkewe ndiye aliyelificha humu, alilichukua shati la kuondokea, akalizika mita mbili chini na udongo ukarudishwa juu, mumewe abaki nyumbani. Na mumewe akaenda sokoni akanunua jingine. Na mkewe akalipiga pasi.

"Endelea, Mzee," Daktari akamnong'oneza.

Akavigeuza vile vitatu vya chini, kimoja kimoja. Cha kijani. Cha kijani. Cha mwisho kilikuwa cha bluu.

Kilikuwa na uzi wake bado, uzi wa nailoni usiooza, umepita msalaba kwenye matundu manne na kuzungushwa mara nyingi shingoni mwa kifungo kabla ya kufungwa fundo. Mtu mmoja tu alishona namna hiyo. Akakileta karibu na macho. Ukingo wake wa chini ulikuwa umelika, mikwaruzo midogo midogo, yote kuelekea upande mmoja.

"Hiki si cha shati hili," akasema. "Kimetoka kwenye nguo nyingine. Nguo ya mwanamke. Na hakikushonwa siku ya kuzikwa. Mnaiona mikwaruzo hii? Hii ni ya chuma cha mkanda wa suruali. Kimesuguliwa siku nyingi, miezi. Huyu mwanamume alipewa kifungo cha gauni la mkewe, akakivaa tumboni karibu msimu mzima." Akakiinua wakione. "Hakukiona."

Miaka thelathini na mitatu amesoma mikwaruzo ya watu wa miaka elfu nane. Huu wa kwake aliutembeza pangoni na kurudi nao, na hakutazama chini hata siku moja.

Yule mwanamke wa kikapu akainama juu ya kamba. "Na huyo mwenye shati, Mzee? Alirudi kwao?"

Mzee Tabaka akakiweka kifungo kiganjani. Nyuma ya kamba binti yake alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Ndiyo kwanza anarudi, mama," mzee akasema.

Kifungo hakupewa. Sheria ni sheria, kilichotoka shimoni ni cha watu wote, na Daktari alipoanza kutafuta maneno ya kumweleza, mzee alimkatiza, "Najua, mwanangu, lete kalamu." Akakiandikia namba kwa mkono wake, akakitia kwenye kifuko, akajaza kibandiko: tabaka, kona, kina. Siku hizi kimo kwenye kabati la kioo pale mlangoni, kati ya mfupa wa swala na kichwa cha mkuki, na wageni hukisimamia muda mrefu kuliko vyote.

Siku ile aliondoka kazini saa tisa, mchana kweupe, mpaka mlinzi akalazimika kutazama saa yake mara mbili. Njiani akamwona dobi, kazeeka naye, anachukua upande wa kushoto kama kawaida. Mzee Tabaka akavuka akamfuata huko huko.

"Shati limepatikana," akamwambia. "Halikuwa kwako. Nisamehe, ndugu yangu."

"Miaka yote hiyo!" Dobi akamkodolea macho. "Lilikuwa wapi?"

"Aliliweka mke wangu."

Dobi akampa mkono.

Nyumbani alifungua sanduku. Gauni jeupe lilikuwepo, limekunjwa, limeanza kuwa la manjano kwenye mikunjo. Vifungo vya bluu mbele, kimoja, viwili, vitatu, na cha nne pini. Imeshika kutu mpaka imeacha doa kitambaani. Pembeni ya cherehani, kopo la maziwa ya unga lilikuwa pale pale lilipokuwa siku zote. Akalifungua. Vifungo vya bluu vya ukubwa ule vilikuwemo humo, alivihesabu, saba. Wakati wowote mkewe angeweza kuchukua kimoja akashona, ni kazi ya dakika mbili kwa fundi. Hakushona. Alitembea na pini mpaka mwisho, akimsubiri mumewe aulize kwa kutaka kujua.

Binti yake aliingia akamkuta amekaa juu ya kiti cha cherehani, gauni mapajani, kidole kiko juu ya pini. Akataka kusema neno, akaona baba anaongea, tena si naye.

"Nimekiona," alikuwa anasema. "Nimekiona, mke wangu."